Sisimizi Chini ya Mfenesi

Tigbawan, Leyte ya Kusini
16 Januari 1983

Mwanangu Sito,

Ukiona doa la mafuta kwenye karatasi usishangae, nimetoka kwenye mbata sasa hivi na mikono haijakauka. Salamu zikukute mzima huko kwenye mchanga. Bibi yako, Lola Sabel, anakusalimu, bado anatafuna tambuu yake na bado anauliza kama huko Arabuni mnaruhusiwa kusali. Dada yako Lourdita anakusalimu, naye mtoto wake Ningning ameota meno na anayajaribia kwenye bega langu. Mdogo wako Junrey anakusalimu, shuleni anakwenda siku ambazo hakuna mvua, na mvua ya huku unaijua. Nyati anakusalimu, kwato imepona. Manang Osang wa jirani anakusalimu na anasema blanketi uliloleta hawezi kulitumia, ni zuri mno, amelitundika ukutani. Baba yako, Tatay Tikyo, anakusalimu. Nimemweka mwisho kwa sababu ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Sito, Tatay wako anakonda. Mkanda ameutoboa tundu jingine kwa msumari, kisha jingine tena. Maji anakunywa kama nyati wa mchana. Na kila akinywa anatoka, anakwenda nyuma ya jiko kwenye mfenesi, anasimama pale kama mtu anayengoja basi ambalo halipiti siku hiyo. Namsikia anasaga meno. Nikimuuliza anasema ni umri. Umri gani, mtu wa miaka hamsini na tatu? Nikifua suruali zake naona madoa, nami si mtoto, najua doa la tope na doa la kidonda. Nilimwambia anionyeshe. Akasema mwanamke akitazama patavimba kama nyanya.

Hilo neno lilinikaa. Ni neno la watoto wa jando, wale wenye kidonda kibichi. Mama zao wanakatazwa kuangalia. Tatay wako ndiye ngariba, amelisema neno hilo mtoni kila mwaka tangu nimjue. Lakini jando lake yeye si lilikwisha zamani?

Jambo jingine. Pale chini ya mfenesi anapokwenda haja ndogo wamekuja sisimizi. Hawakuwapo zamani. Wekundu, wadogo, wamepanga mstari hadi kwenye kichuguu cha karibu na ua. Lola wako aliona akajishika kifua. Anasema Tikyo amekojolea mlango wa Mzee wa Kichuguu, yule pepo anayekaa humo, bila kuomba njia, na wote tunajua yule mzee akikasirika mwanamume anamfunga wapi. Basi nimempelekea wali usiotiwa chumvi, yai, na tembo kidogo kwenye kifuu. Nikasema samahani babu, hakukuona, macho yake siku hizi mabaya. Sisimizi walikula wali, mwanangu, kisha wakarudi palepale penye mkojo. Wali wangu hawakuutaka sana.

Nimechoka. Kuchoka si kwa kazi, kazi naijua. Nimechoka kusikiliza mtu anayesaga meno nje ya ukuta. Wewe umetembea, umeona watu. Niandikie unaonaje, na uandike upesi.

Mama yako,
Basilisa

*

Kambini, Arabuni
6 Februari 1983

Nanay mpenzi,

Barua imefika. Nakuandikia nikiwa nimelala, mgongo haukubali kukaa baada ya zamu ya kuchomelea. Nimefurahi Ningning ameota meno. Nyati mpe chumvi.

Kuhusu Tatay, nadhani ni mawe ya figo. Mwenzangu mmoja hapa yalimpata, alisaga meno vilevile. Mzee wa Kichuguu mwacheni apumzike. Ampeleke mkojo zahanati, Manoy Berting ndiye muuguzi pale, hatamuuma. Au anaona haya? Msomee sehemu hii Nanay, umwambie imetoka kwangu: Tatay, wewe umewavua suruali wanaume wa vijiji vitatu, hata mimi mwanao ulinitahiri nikitafuna majani ya mpera ya kutemea kidonda na kulia, leo wewe unaogopa kuvua yako? Au una govi wewe? Hahaha. Mwambie ni utani, lakini aende.

Mwanao,
Sito

*

Tigbawan
2 Machi 1983

Mwanangu Sito,

Wote wanakusalimu, usinidai majina yao leo.

Nilimsomea Tatay wako barua yako kama ulivyosema. Mimi nasoma polepole, unajua, darasa la tatu si mbali, kwa hiyo lile neno lilinitoka mdomoni kabla sijalijua. Lola alicheka. Lourdita alicheka. Tatay wako aliacha kahawa yake akatoka, na kahawa ilikuwa na sukari vijiko vinne, kama anavyoipenda. Hajawahi kuacha kahawa.

Sasa nakuandikia jambo, ukilisoma lichome. Usimwambie hata mtu unayelala naye chumba kimoja.

Ni kweli, mwanangu. Ulilotania ni kweli. Tatay wako hakutahiriwa.

Babu yako ndiye aliyekuwa ngariba kabla yake. Mwaka ambao ilikuwa zamu ya Tatay wako wakaja Wajapani, watu wakakimbilia milimani. Waliporudi babu yako alikuwa amekufa kwa homa huko juu, na wembe ukabaki kwa mwanawe, maana alikuwa amezoea kumshikia baba yake watoto na mkono wake ulikuwa mwepesi. Watoto walikuwa wengi wamelundikana wanangoja, mama zao wanasukuma. Nani angemuuliza mtoto wa ngariba kama yeye amepita? Kila mtu alijua wa kwanza ni yeye. Akawatahiri wakubwa kuliko yeye, na baada ya hapo angemwendea nani? Kinyozi hajinyoi. Nimeyaunga haya mwenyewe kwa miaka, kipande kwa Lola, kipande kwa shangazi zake. Yeye hajaniambia neno, na anadhani mimi sijui.

Nami nimeogesha watoto wangu wa kiume, wewe na Junrey na yule Mungu aliyemchukua, kabla ya mtoni na baada ya mtoni. Alidhani nilikuwa nimefumba macho? Watu husema mficha uchi hazai. Huyu alificha na akazaa wanne.

Kwa hiyo zahanati haendi. Berting alipita mikononi mwake. Dereva wa basi alipita mikononi mwake, na diwani, na padre mdogo. Ukimwambia avue suruali mbele ya Berting ni kama kumwambia avue jina lake. Unajua watu wa huku neno hilo wanavyolitumia. Mlevi akitaka kupigana, hilo ndilo la kwanza. Mzee mzima, ngariba, waseme ana govi, angeweza kwenda wapi?

Nimejaribu ninavyojua. Nimemchemshia majani ya mpera, anaogea yakiwa ya moto kabisa na sabuni ya kufulia, kisha siki. Anatoka macho mekundu. Naona ngozi imembana hadi mkojo unatoka kama uzi, na kabla ya kutoka ngozi inavimba kama kibofu anachopuliza mtoto. Niliona kupitia ufa wa ukuta, Mungu anisamehe, na macho yangu hayakuvimbisha kitu kama nyanya.

Habari nyingine ni Kwaresima. Manang Osang atabeba sanamu ya Bikira mwaka huu. Tatay wako amewaambia akina mama kwamba jando halipo, mkono unamtetemeka, wawapeleke watoto kwa daktari mjini. Wamenuna. Lakini wembe anaunoa, Sito, jana na juzi, na ameniagiza majani ya mpera machanga, tele, niyaweke tayari kufika Alhamisi Kuu. Labda kuna mtoto mmoja hakuweza kumkatalia. Ameniambia Ijumaa Kuu twende wote kwenye maandamano, hata Lola abebwe kwenye kiti, yeye atabaki kuangalia nyumba. Hajawahi kukosa maandamano. Nadhani miguu inamuuma.

Nijibu mwanangu, hata mistari miwili.

Mama yako

*

TELEGRAMU
23 Machi 1983
Kwa Basilisa, Tigbawan

WEMBE FICHA KABLA YA IJUMAA KUU. SISIMIZI WANAFUATA SUKARI. MPELEKE HOSPITALI KUBWA. BARUA YAJA. SITO

*

Kambini
23 Machi 1983

Nanay,

Telegramu nimetuma leo, natumaini imekutangulia hata kama barua hii itachelewa. Nilishindwa kuandika wazi, karani wa posta pale kwetu tunamjua.

Hakuna mtoto aliyekubaliwa, Nanay. Wembe ni wa kwake mwenyewe. Amengoja Ijumaa Kuu nyumba iwe tupu ajitahiri, ili akienda kwa daktari awe kama wengine. Majani ya mpera ndiyo yaliyoniambia. Na mimi ndiye niliyemsukuma, kwa utani wangu.

Nilikwenda kwa muuguzi wa kambi, Manoy Delfin, mtu wa Iloilo. Nilisema ni habari ya mzee wa rafiki yangu. Hakuuliza rafiki gani. Nilimweleza ngozi kubana, kukonda, kiu, nikacheka kidogo nikamwambia na sisimizi. Yeye hakucheka. Akaniuliza kama wanakuja kwenye mkojo. Nikasema ndiyo. Akasema: "Huyo mzee ana kisukari. Sisimizi wamempima kabla ya daktari."

Nimemwomba anieleze kama ninavyokueleza wewe. Sukari imezidi kwenye damu, ikizidi inatoka na mkojo. Mkojo wenye sukari ukibaki chini ya ngozi ile, ukungu unaota, kama unavyoota kwenye mkate. Ngozi inawasha, inapasuka. Ikipona inaacha kovu, kovu halinyooki, mara ya pili linabana zaidi, mpaka mlango unakuwa tundu la sindano. Kuwa na govi si ugonjwa, Nanay. Hapa kuna watu wa mataifa mengi ambao hawatahiriwi kabisa na wanazeeka salama. Ugonjwa ni huku kubana kulikokuja ukubwani.

Sabuni ya kufulia basi. Siki basi. Maji ya moto basi. Maji matupu ya vuguvugu, na akaushe taratibu. Asiivute kwa nguvu. Ikirudi nyuma na kukwama itamkaba kama pete kwenye kidole kilichovimba, na hapo ni kukimbia hospitali saa ileile. Na kisu hapana, Nanay. Mwenye sukari nyingi kidonda chake hakifungi. Manoy Delfin amewahi kuona mguu uliooza kwa msumari mdogo tu. Kama ni kukatwa, atakatwa na daktari, baada ya sukari kushuka.

Siwezi kuja. Nimeomba, mkataba haujaisha. Nimekaa hapa nahesabu barua iko wapi. Nimfanyeje baba yangu nikiwa mbali hivi? Nijulishe.

Sito

*

Tigbawan
9 Aprili 1983

Mwanangu Sito,

Mzima. Naliandika hilo kwanza ili upumue.

Barua yako imefika jana, tulikwishapita huko. Telegramu ilifika Jumamosi kabla ya Matawi. Karani aliileta mwenyewe, anataka kujua kama umefungua biashara ya peremende na kwa nini peremende zinahitaji wembe. Nilimwambia ndiyo, za mnazi. Sasa kijiji kizima kinakungoja na peremende, shauri yako.

Sisimizi sikuwaelewa. Lakini wembe na Ijumaa Kuu nilivielewa, na nikaona aibu kwamba mtoto aliye ng'ambo ameona kilicho jikoni kwangu. Sikuuficha wembe. Nilifikiri, nikiuficha huu atatafuta mwingine mbovu zaidi. Nilimwacha anoe.

Ijumaa nilitoka na wenzangu, nimevaa nyeusi, Lola juu ya kiti. Tulipofika msalaba wa pili nilimwachia Lourdita mshumaa nikarudi. Nilikuta amekaa kwenye gogo nyuma ya jiko. Beseni la majani, kitambaa safi, kile kigingi chake cha mti wa mpera anachokatia watoto ngozi amekichomeka chini, wembe juu ya paja. Alikuwa anatafuna majani, Sito. Mzee wa mvi, shavu limejaa majani kama watoto wake wa mtoni, na machozi yanamshuka kabla hajafanya kitu.

Hakusimama. Alisema tu niende zangu, nitavimbisha.

Nikamwambia, "Tikyo, mimi najua."

Akatema majani. Akauliza tangu lini.

"Tangu nilipomwogesha mtoto wetu wa kwanza."

"Na hukusema?"

"Ulikuwa na haja ya kuambiwa?"

Huko barabarani walikuwa wanaimba ile ya Mama chini ya msalaba. Mwisho akaniuliza, bila kunitazama, kama nilikuwa namcheka miaka yote hiyo. Nilichoka ghafla, mwanangu, uchovu wa miaka yote pamoja. Nilikaa chini, kwenye tope, na gauni jeusi. Nikamwambia nimezaa na mwanamume, sikuzaa na ngozi. Nikamwambia mwanawe ametuma telegramu kutoka Arabuni, ya gharama, kuhusu wembe huu, na kwamba yule mtoto hacheki huko aliko. Akanipa wembe. Aliniwekea mkononi kwa mpini, kama anavyofundisha, asije mtu akakatwa.

Jumatatu ya Pasaka tulipanda basi kwenda hospitali kubwa, mbali, asikojulikana. Alichagua mwenyewe. Daktari ni binti mdogo wa nywele fupi. Alimtuma muuguzi amwandae nyuma ya pazia. Muuguzi akaja, jitu zima lenye masharubu, akamtazama Tatay wako, akasema, wewe si Tatay Tikyo wa Tigbawan? Mimi ni mtoto wa Pidyong wa ng'ambo ya mto, wewe ulinitahiri.

Nilidhani atakufa palepale. Aliniangalia kama ng'ombe anayeangaliwa na mchinjaji. Lakini alikuwa amechoka hata kukimbia. Alivua. Nilikuwa nimesimama pale, nikaona yule kijana ameona, na ameelewa. Tatay wako akamwambia, "Sema basi."

Yule akavuta pazia likafunga vizuri. Akasema, "Niseme nini, Tatay? Mkono wako ulikuwa mwepesi. Mimi sikusikia kitu." Akauchukua ule mkono akauweka kwenye paji la uso wake, kama anavyofanya mtoto kwa mkubwa. Kisha akamtoa damu ya kupima.

Sukari ilikuwa juu sana. Binti daktari alisema mengi ya barua yako, kwa hiyo jana nilipoisoma niliona nakukuta njiani. Amempa vidonge. Amempa marhamu ya ukungu kwanza, kisha nyingine ya kulainisha kovu, apake kidogo asubuhi na jioni pale kwenye mlango tu, na kila akioga airudishe nyuma polepole mpaka inapokataa, isizidi, kisha airejeshe mbele. Wiki nyingi. Ikishindikana watamkata wao, kwa ganzi, sukari ikishashuka. Alimuuliza Tatay wako kwa nini alingoja hivi. Tatay wako alisema alikuwa na kazi.

Kama yule kijana atasema, hajasema bado. Mbwa akibweka tu Tatay wako anasimama, anadhani wamekuja kumcheka. Hatuli kwa amani. Na kahawa bila sukari anainywa kama adhabu, ananiangalia mimi kana kwamba nimekibuni kisukari.

Utani wako amekusamehe. Alisema, mtoto alirusha jiwe gizani, si kosa lake likimpata mtu.

Tuandikie, Lola anataka kusikia.

Mama yako

*

Tigbawan
19 Juni 1983

Mwanangu Sito,

Lola anakusalimu, Lourdita, Ningning anayetambaa sasa na kula udongo, Junrey, nyati, Manang Osang. Tatay wako anakusalimu na leo simweki mwisho kwa ubaya.

Mtoto wa Pidyong alipita hapa kwenye sikukuu ya mtakatifu wetu. Tulimwona kwa mbali, tukaganda. Watu walikuwa wamejaa uani. Alikula, akanywa, wakaanza masimulizi ya jando, nani alilia, nani aliruka mtoni na kukimbia. Mmoja akamgeukia Tatay wako, akamuuliza yeye alilia siku yake? Yule kijana akainamia sahani yake akaendelea kula. Tatay wako akasema, "Bado naogopa mpaka leo." Wakacheka wakaanguka. Walidhani ni utani, mwanangu. Ameusema ukweli mbele ya kijiji kizima na nyumba haikuanguka. Usiku ule alilala, mimi ndiye nilikesha kumsikiliza akilala.

Ngozi imeanza kukubali. Si yote. Binti daktari anasema pengine kisu hakitahitajika, pengine kitahitajika, tungoje. Mkojo unatoka kama wa mtu. Simsikii tena akisaga meno.

Asubuhi hii nilikwenda nyuma ya jiko kutazama. Chini ya mfenesi hakuna sisimizi hata mmoja. Kichuguu kipo, wao wamekwenda zao. Nimempelekea yule mzee wali wake hata hivyo, na yai. Lola anasema ni kwa sababu amesamehe. Wewe utasema ni sukari. Mimi nimesema tu ahsante babu kwa kunitumia watu wako, maana sisi wengine tulinyamaza.

Sasa nisikilize. Binti daktari aliniambia kisukari hupita kwa damu, baba hadi mtoto. Tangu siku hiyo silali vizuri tena. Wewe ni mwanawe, na huko unakunywa soda kwa sababu ya joto, uliniambia mwenyewe. Ukienda haja ndogo nje, ngoja kidogo, rudi utazame chini. Huko kwenye mchanga kuna sisimizi? Nijibu hilo kabla ya mengine yote, na upesi.

Mama yako,
Basilisa